Msimbo unataja saketi, hautaji sensa

Mama mmoja aliwahi kuniletea gari lake likiwa na sensa tatu za kona moja. Moja ilikuwa imefungwa mahali pake, nyuma kushoto. Mbili zilikuwa kwenye mfuko wa khaki juu ya siti, pamoja na risiti zake. Zote tatu zilikuwa nzima. Taa ya springi za upepo ilikuwa bado inawaka kwenye dashibodi, na gari lilikuwa limelalia upande mmoja kama mtu aliyeteguka nyonga. Fundi wa kwanza alipima kwa mashine, mashine ikatoa msimbo, yaani namba ya hitilafu, unaotaja saketi ya sensa ya kimo, nyuma kushoto, naye akamwandikia mama anunue sensa. Taa iliporudi baada ya siku mbili, wakakubaliana kwamba ile mpya ilikuwa feki, ikanunuliwa nyingine.

Ugonjwa ulikuwa waya mmoja uliooza ndani ya ganda lake, karibu shubiri moja kutoka kwenye soketi. Kuutengeneza hakukumaliza saa moja.

Naandika haya kwa ajili ya zile sensa mbili zilizonunuliwa bila sababu. Pesa ile ilikuwa ya ada ya mtoto, mama aliniambia mwenyewe, na hakuna duka la spea Gerezani, Dar, litakalorudisha fedha ya kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa kwenye gari. Haikuwa lazima ipotee, kwa sababu mashine ilisema ukweli tangu siku ya kwanza. Ilisema "saketi", yaani njia nzima ya umeme: nyaya, soketi na sensa yenyewe. Aliyesoma ndiye aliyesikia "sensa".

Tuanze na kifaa chenyewe. Gari lenye springi za upepo, mfano Toyota Prado zile za 120 zilizoanza kutoka mwaka 2002 ambazo baadhi yake zina mifuko ya upepo nyuma, au Land Rover Discovery 3 zenye upepo kona zote nne, lazima lijue bodi iko juu kiasi gani kutoka kwenye ekseli. Likipakiwa mizigo, mkia unashuka; kompyuta inaliona hilo, inaamuru kompresa ijaze upepo hadi kimo kirudi. Mizigo ikishuka, inafungua vali, upepo unatoka. Jicho la kompyuta katika kazi hiyo ni sensa ya kimo: kiboksi kidogo kilichofungwa kwenye chesisi, chenye mkono mfupi unaozunguka. Mkono huo umeunganishwa kwa kifito, ambacho gerejini tunakiita linki, hadi kwenye ekseli au mkono wa sasipensheni. Gurudumu likipanda, linki inasukuma mkono, mkono unazunguka.

Wazo la kifito hicho ni la zamani. Citroën DS, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1955, ilikuwa na vifito vinavyosoma mzunguko wa stablaiza (fito linalozuia gari kuinamia upande) na kufungua vali za mafuta ili gari libaki kwenye kimo kilekile, bila umeme wowote kuhusika. Mabasi mengi ya springi za upepo yanayotoka Dar kwenda mikoani mpaka leo yana vali ya namna hiyo, ambayo kifito chake kinafungua na kufunga upepo moja kwa moja. Kwenye gari dogo la kisasa kifito kimebaki, ila kazi yake imegeuka: hakisukumi chochote, kinatoa habari tu. Na habari hiyo inasafiri kwa waya.

Wenye magari yasiyo na upepo nao wasiache kusoma. Magari mengi yenye taa kubwa za xenon yana sensa ya aina hiihii kwenye ekseli ya nyuma, inayoshusha mwanga wa taa pale mkia unapolemewa, ili dereva anayekuja mbele asipofuliwe. Ni kifaa kilekile, kinachokumbana na tope lilelile, na namna ya kukipima haibadiliki.

Sasa nyaya. Gari nyingi zina nyaya tatu kwenye sensa hii. Wa kwanza unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Wa pili ni ethi (njia ya umeme kurudi), nao pia unarudi kwenye kompyuta, haukufungwa kwenye bodi ya gari. Wa tatu unapeleka jibu. Mkono wa sensa ukiwa chini kabisa, jibu linaweza kuwa volti 0.5, ukiwa juu kabisa, 4.5, gari likiwa kwenye kimo chake cha kawaida, mahali fulani katikati. (Zipo sensa zinazojibu kwa mapigo ya umeme badala ya volti zinazopanda na kushuka, kwa hiyo mchoro wa nyaya wa gari husika uwe mkononi kabla ya yote.)

Hapa ndipo penye ufunguo. Kwa nini jibu halianzii kwenye 0 na kuishia kwenye 5? Kwa sababu waliotengeneza mfumo waliacha pembezoni makusudi. Chukua mgeni anayepiga hodi. Ndani akijibiwa "karibu", ni habari. Akijibiwa "mwenyewe katoka", nayo ni habari. Ukimya ni jambo la tatu, tofauti kabisa na hayo mawili, nao unamwambia kwamba huenda nyumbani hakuna mtu. Sensa nzima, gari liwe limelala chini au limeinuka hadi mwisho, daima ina jibu kati ya 0.5 na 4.5. Kompyuta ikiona 0.1, au ikiona 4.9, inajua hiyo haiwezi kuwa habari ya kimo. Ni ukimya au ni kelele. Waya umekatika, umegusa bodi, umegusana na jirani yake, ethi imepotea, au sensa imekufa. Kompyuta haiwezi kutofautisha hayo matano. Inachojua ni kwamba volti imetoka nje ya uwanja, basi inaandika msimbo wa saketi, inawasha taa, na mara nyingi inaacha kabisa kurekebisha kimo. Ndiyo maana gari la yule mama lililala: mfuko wa upepo ulikuwa ukipungua polepole kama inavyotokea, na hakuna aliyekuwa akiujaza.

Misimbo ya magari huanza na herufi. P ni ya injini na gia, B ya bodi, U ya mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta, C ya chesisi, yaani breki, usukani na sasipensheni. Kwenye Toyota na Lexus za springi za upepo, C1711 ni saketi ya sensa ya kimo mbele kulia, C1712 mbele kushoto, C1713 nyuma kulia, C1714 nyuma kushoto. Kulia na kushoto huhesabiwa ukiwa umekaa kwenye siti unatazama mbele. Nimeshuhudia fundi mzuri akipoteza asubuhi nzima upande usio wake kwa kuwa alikuwa amesimama mbele ya boneti.

Kuna jambo jingine la kuelewa, nalo linawachanganya hata wazoefu. Linki ikivunjika, msimbo wa saketi unaweza usitokee kabisa. Sensa yenyewe ni nzima, nyaya ni nzima, jibu ni volti safi ndani ya uwanja, tatizo ni kwamba jibu halibadiliki, kwa sababu mkono umekwama ukielekea juu. Kompyuta inaona "gari liko chini", inajaza upepo. Bado "liko chini", inajaza tena. Mkia unapanda hadi gari linafanana na panzi, kompresa inachemka, na mwishowe unaandikwa msimbo wa kompresa kufanya kazi kupita muda wake. Mtu anabadilisha kompresa, kifaa ghali kuliko vyote katika mfumo huo, kumbe kilichovunjika ni kifito cha plastiki. Kwa hiyo msimbo wa saketi ukitokea, angalau tunajua jambo moja: tatizo ni la umeme. Hiyo ni nusu ya safari.

Kabla ya kushika mita

Usalama kwanza, na sisemi kwa desturi. Gari la springi za upepo linaweza kushuka lenyewe ukiwa chini yake. Unachomoa soketi, kompyuta inasoma kitu kipya, inaachia upepo, na nafasi iliyokuwa inakutosha haikutoshi tena. Kwenye Prado ipo swichi ya kuzima urekebishaji wa kimo. Izime kabla ya kuinua gari kwa jeki, na bado weka stendi za chuma chini ya chesisi. Jeki peke yake haitoshi, na gogo la mwembe halitoshi.

Halafu mashine. Vile vipimo vidogo vya bei ya chini vya ELM327 vinavyounganishwa na simu kwa kawaida husoma misimbo ya injini tu. Vikikuambia "hakuna hitilafu" huku taa ya sasipensheni inawaka, havikudanganyi. Havikuuliza kompyuta inayohusika. Unahitaji mashine inayoingia kwenye kompyuta ya sasipensheni, inayosoma misimbo yake, na muhimu zaidi inayoonyesha takwimu zinavyobadilika papo hapo. Andika misimbo yote kwenye karatasi au ipige picha kabla ya kufuta chochote. Fundi anayefuta kwanza halafu anauliza baadaye amepoteza ushahidi wake mwenyewe.

Itazame ile orodha kwa akili. Msimbo wa sensa moja unakupeleka kwenye kona moja. Sensa mbili au zote kulia kwa wakati mmoja ni habari tofauti: ni nadra sana vifaa viwili kufa siku moja, lakini vyote vinakunywa volti 5 kutoka chanzo kimoja, na vyote vinategemea ethi ya kompyuta moja. Hapo acha kona, tafuta kinachoshirikiwa. Na kama kuna misimbo kumi ya kila aina, kuanzia breki hadi redio, pima betri kwanza. Betri iliyopumzika inapaswa kuwa karibu na volti 12.6, na injini ikinguruma kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Betri iliyochoka inazifanya kompyuta ziweweseke, nazo zikiweweseka zinaandika mambo.

Baada ya hapo macho. Ingia chini na tochi. Linki ipo? Mkono wa sensa umeelekea upande wake, au kuna mtu alibadilisha shokapu akaurudisha kinyume? Soketi imebana hadi ikalia? Fuata nyaya kwa vidole kutoka kwenye sensa hadi zinapoingia ndani ya bodi, hasa zinapopita juu ya ekseli, mahali zinapokunjwa na kunyooshwa maelfu ya mara, na pale ambapo klipu imeanguka zikaanza kusuguana na chesisi. Panya nao wana sehemu yao, hasa kwa magari yanayolala nje. Chomoa soketi uangalie ndani. Ukiona ungaunga wa kijani kwenye pini, maji yameshaingia. Magari ya pwani yanapata chumvi ya hewa, ya bara yanapata tope, na yote mawili yanaoshwa kwa mashine ya presha na kijana anayeelekeza maji palepale kwenye soketi kwa kuwa ndipo penye uchafu. Sehemu kubwa ya misimbo hii inaishia hapa, kwa macho na vidole, kabla mita haijawashwa.

Kupima

Kama macho hayakuona kitu, sasa ni mita. Na naomba nisisitize: mita ya dijitali, si ile taa ya majaribio yenye balbu. Balbu inavuta umeme mwingi kuliko nyaya hizi zilivyokusudiwa kubeba, nao unapita ndani ya kompyuta. Unaweza kuanza na hitilafu ya waya ukamaliza na kompyuta iliyoungua.

Weka swichi on bila kuwasha injini, chomoa soketi ya sensa, na upime upande unaotoka kwenye gari. Kati ya pini ya umeme na hasi ya betri unatafuta volti 5, pungufu au zaidi kidogo sana. Kati ya chanya ya betri na pini ya ethi unatafuta volti zilezile za betri. Pini ya jibu inaweza kuonyesha 0 au 5, kutegemea kompyuta ilivyotengenezwa kuushikilia waya huo pale unapobaki peke yake.

Volti 5 zisipokuwepo, usikimbilie kusema kompyuta imekufa. Chomoa sensa nyingine zinazoshiriki chanzo hicho, moja baada ya nyingine, huku mita ikiwa palepale. Ukichomoa moja na volti 5 zikarudi ghafla, umemkamata mkosaji: sensa hiyo, au nyaya zake, zimepiga shoti na kuwanyima wenzake. Mara nyingine mkosaji yuko kona ya pili kabisa na ile iliyotajwa na msimbo.

Volti 5 zikiwepo na ethi ikionekana ipo, wengi wanasema: nyaya ni nzima, basi ni sensa. Hapa ndipo gari la yule mama lilipowaangusha watu, na hapa nitakaa kidogo.

Mita ya dijitali imetengenezwa isivute umeme karibu kabisa. Ni sifa nzuri, lakini ina upande wake wa pili. Waya uliooza hadi ukabaki na uzi mmoja wenye kutu ya kijani bado utaionyesha mita volti kamili, kwa sababu mita haijauomba waya ubebe kitu. Ni kama kupima bomba lililoziba kwa kuangalia kama lina maji ndani: maji yapo, presha ipo, lakini fungua koki uone kama ndoo itajaa. Sensa ndiyo koki. Kwa hiyo irudishe soketi mahali pake, sensa ifanye kazi, halafu pima ukipitisha sindano nyembamba ya mita nyuma ya soketi, pembeni ya mpira wa kuzuia maji, bila kutoboa ganda la waya. Waya uliotobolewa leo ni waya uliooza mwakani.

Katika hali hiyo, ethi ya sensa ikipimwa dhidi ya hasi ya betri inapaswa kusoma sehemu ndogo ndogo tu za volti: 0.02, 0.05. Kwenye gari la mama, soketi ikiwa imechomolewa kila kitu kilikuwa sawa. Nilipoirudisha, ethi ilisoma 3.9. Yaani katika zile volti 5, karibu 4 zilikuwa zinapotelea ndani ya waya wa ethi, na sensa ilibakiwa na volti 1.1 ya kuishi. Sensa haifanyi kazi kwa volti 1.1, hata ikitoka kwenye boksi leo. Ungeifunga ya nne, ya tano, zote zingejibu upuuzi uleule.

Kama ethi na volti 5 ni nzima huku sensa imeunganishwa, umebaki waya wa jibu, sensa yenyewe na kompyuta. Sasa fungua takwimu za papo hapo kwenye mashine. Soketi ikiwa imechomolewa, unganisha pini ya jibu na pini ya volti 5 kupitia kizuizi cha omu 1,000, kile kidude kidogo chenye mistari ya rangi kinachouzwa kwenye maduka ya mafundi redio. Mashine inapaswa kuonyesha jibu likiruka hadi juu, karibu na 5. Halafu unganisha jibu na ethi: linapaswa kuanguka hadi 0. Mashine nyingine haionyeshi volti, inaonyesha milimita; basi milimita ndizo zitakazoruka. Hapo umemdanganya msikilizaji, naye amesikia vizuri pande zote mbili. Waya ni mzima na kompyuta ni nzima. Sasa, na si kabla, una haki ya kuituhumu sensa.

Kamwe usiunganishe volti 12 kwenye jibu. Na usiiunganishe pini ya volti 5 moja kwa moja na ethi, maana utazizima sensa zote zinazoshiriki na utajitengenezea misimbo mipya.

Mashine isipoonyesha jibu likiruka hivyo, hitilafu iko kati ya soketi na kompyuta. Chomoa betri, chomoa soketi ya kompyuta pia, upime waya ukiwa huru pande zote mbili. Ukinzani wake unapaswa kuwa chini ya omu 1, na kati yake na bodi ya gari kusiwe na mawasiliano yoyote. Ukitaka kuwa na uhakika zaidi, na hapa tu ndipo balbu inaporuhusiwa, pitisha umeme wa betri kwenye waya huo mtupu kupitia balbu ya wati 5. Iwake kwa nguvu zake zote. Ikiwaka kwa unyonge, uozo uko ndani hata kama ganda linang'aa. Hakikisha mara mbili kwamba kompyuta imechomolewa kabla ya jaribio hilo.

Sensa nayo ina njia yake ya kuhukumiwa. Itoe kwenye linki, iache kwenye soketi, uzungushe mkono wake polepole kwa vidole huku mwenzako akitazama mashine. Jibu lipande taratibu bila kuruka wala kupotea. Sensa za kizamani zenye kisugua ndani huchakaa katikati, kwa sababu gari huishi kwenye kimo cha kawaida na kisugua hutetemeka mahali palepale miaka na miaka. Utaona takwimu zinapanda vizuri, zinapotea kidogo, kisha zinaendelea. Zile za sumaku hazina msuguano huo, nazo mara nyingi hufa kwa maji. Kama soketi za kulia na kushoto zinafanana, unaweza kuichomeka sensa ya upande mzima kwenye kona inayolalamikiwa huku inaning'inia mkononi na kuuzungusha mkono wake. Msimbo wa kona hiyo ukiondoka, sensa ya zamani ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye kona, kona ndiyo mbovu. Jaribio hilo ni la bure, na lingemwokolea mama sensa zote mbili.

Kuna hitilafu zinazojificha: taa inawaka barabara ya vumbi, inazima kwenye lami. Hapo weka mashine kwenye grafu, mtu mmoja atazame, wa pili atikise nyaya shubiri kwa shubiri, agonge soketi kwa kidole, mwagie maji kidogo kama hitilafu hutokea wakati wa mvua. Mstari ukiruka, simama, mkono wako uko juu ya ugonjwa. Ni kazi ya uvumilivu, na fundi anayeifanya anastahili kulipwa muda wake hata kama hakuuza spea yoyote. Wateja wengi hukubali haraka kulipia sensa wanayoiona kuliko saa mbili za mtu aliyelala chini ya gari akitafuta. Naelewa kwa nini, lakini ndiko kunakowasukuma mafundi kubahatisha.

Kutengeneza

Waya wa chini ya gari haufungwi kwa kusokotwa na kuzungushiwa utepe mweusi. Utepe unalainika kwa joto, tope linaingia, na miezi sita baadaye msimbo uleule unarudi. Ndivyo lilivyokuwa gari lile: nilipopasua ganda nilikuta kiungo cha zamani kilichosokotwa, shaba yake imegeuka unga wa kijani. Kata hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, hata kama ni kurudi nyuma shubiri nzima. Ongeza kipande cha waya wa unene uleule, ukamate kwa kiungio cha kubana au kwa risasi, kisha funika kwa mpira unaonywea kwa joto wenye gundi ndani. Kama nyaya mbili au tatu zinaungwa, viungo vipishane, visikae pamoja. Sehemu inayokunjwa na ekseli iachiwe ulegevu, na kiungo kisikae hapo. Soketi yenye pini zilizoliwa ibadilishwe. Kwenye magari yaliyovunjwa Gerezani au Kirinyaga Road Nairobi utapata soketi nzima na kipande cha nyaya zake kwa pesa kidogo sana ukilinganisha na sensa.

Na kama kweli sensa imekufa, ya mtumba kutoka Japani au Dubai inaweza kufaa, mradi namba iliyoandikwa juu yake ilingane, maana ya kulia na ya kushoto mara nyingi zina namba tofauti hata zikifanana kwa macho. Ichomeke na uzungushe mkono wake mbele ya mashine kabla hujaifunga. Ikishafungwa, kimo kipimwe upya: gari kwenye sakafu tambarare, tairi zenye upepo sahihi, futi kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, kushoto na kulia, kisha irekebishwe kwa mashine au kwenye bolti ya linki pale inaporuhusu. Ukiruka hatua hii, mkia utakaa umeinama na watasema sensa ni feki.

Mama yule nilimfungia waya wake, nikafuta msimbo, tukaenda naye hadi barabara ya vumbi na kurudi huku mashine ikiwa imeunganishwa. Ethi ilisoma 0.03 njia nzima. Kompresa ilinguruma kidogo, upande wa kushoto ukapanda taratibu hadi ukalingana na wa kulia. Sensa zake mbili nilimrudishia kwenye mfuko uleule, nikaziandikia kwa kalamu ya wino mzito: "nzima".